Ziwa Tanganyika: Maji Yake Yanakwenda Wapi?

MANENO YA KUFAHAMU
Kilindi: mahali penye maji marefu sana kwenda chini.
Ufa: mahali palipopasuka, kama ukutani au katika ardhi.
Mkondo: mwendo wa maji ya mto.
Mafunjo: majani marefu yanayoota majini, penye matope.
Ng'ambo: upande wa pili wa maji.

1. Ziwa lilivyo

Mashariki mwa inchi ya Congo kuna ziwa refu sana. Jina lake ni Tanganyika. Linaanza upande wa kaskazini, karibu na Uvira, nalo linashuka kusini mpaka inchi ya Zambia. Urefu wake unapita kilometa 650. Mtu akienda kwa miguu kilometa 25 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, atatembea siku 26, naye bado hajafika mwisho.

Upana wake si mkubwa namna hiyo. Kwa kawaida ni kilometa 50 hivi, na mahali papana kabisa ni karibu kilometa 72. Kwa hiyo watu wa Uvira huiona milima ya Burundi ng'ambo ya maji, hewa ikiwa safi.

Inchi nne zinashiriki ziwa hili: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mafungu ya Congo na ya Tanzania ni makubwa kupita mengine. Uvira, Baraka, Kalemie na Moba ni miji ya Congo iliyo pwani yake. Ng'ambo iko Kigoma pamoja na Ujiji, katika inchi ya Tanzania. Bujumbura ni mji wa Burundi, na Mpulungu ni bandari ya Zambia.

Ajabu kubwa ya ziwa hili si urefu wake, wala upana wake. Ajabu ni kilindi chake. Mahali penye maji marefu kupita pote pana mita 1,470 kutoka juu mpaka chini. Fikiri mti mrefu wa mwituni, wenye mita 30. Ukiisimamisha miti 49 ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine, ndipo kilele cha mti wa mwisho kitafika juu ya maji. Katika dunia nzima ziwa moja tu linalipita Tanganyika kwa kilindi, nalo ni Baikal katika inchi ya Urusi.

Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya bahari. Toa hesabu, utaona kwamba chini kabisa ya ziwa ni karibu mita 700 chini ya bahari.

2. Ziwa lilivyozaliwa

Shimo kubwa namna hii lilitoka wapi? Si mto uliolichimba. Ni ardhi yenyewe iliyopasuka.

Simamisha vitabu vitatu mezani, vimesimama bega kwa bega, na kuvibana kwa mikono miwili. Inua vyote kidogo juu ya meza. Sasa legeza mikono polepole, ukivitenga vile viwili vya kando. Kile cha katikati kinateleza na kushuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa inchi hii. Ardhi ilivutwa huku na huku, nyufa kubwa zikatokea, na inchi ya katikati ikashuka kidogo kidogo. Kando zilibaki juu, nazo ndizo milima tunayoiona pande mbili za ziwa. Kisha mvua na mito ikalijaza shimo.

Kazi hii haikufanyika kwa siku moja. Wataalamu wanasema ziwa lilianza miaka milioni 9 mpaka 12 iliyopita. Maziwa mengi ya dunia hayaishi muda mrefu, maana mito huyajaza udongo. Tanganyika nalo linajazwa udongo, na matope yaliyolala chini yake yana unene wa kilometa kadhaa. Lakini sakafu yake inazidi kushuka, kwa hiyo halijai.

Ardhi ya hapa haijatulia bado. Tarehe 5 mwezi wa 12, mwaka 2005, tetemeko kubwa lilitokea chini ya ziwa, likaangusha nyumba nyingi katika mji wa Kalemie.

3. Wageni wawili na swali moja

Watu wa pwani wamelijua ziwa lao tangu zamani za kale. Walivua samaki, walivuka kwa mitumbwi, walibadilishana chumvi, mawese na vyuma. Waarabu na Waswahili walifika Ujiji kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Lakini watu wa Ulaya hawakuwa na habari za hakika.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani ya bahari, ng'ambo ya Unguja, pamoja na wapagazi wengi. Walisafiri zaidi ya miezi saba. Mwezi wa 2, mwaka 1858, walifika ziwani. Burton alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kutembea. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, akaona ukungu tu mahali wenzake walipoona maji.

Mmoja wa watu wao aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Katika utoto wake alikamatwa utumwani, akapelekwa mpaka India. Alipopata uhuru alirudi Afrika, akawa kiongozi na mkalimani wa misafara. Jina lake halifai kusahauliwa, maana tutalikuta tena.

Wageni hawa walikuwa na swali moja. Walisikia kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa, jina lake Ruzizi. Je, mto huo unaingia ziwani, au unatoka? Swali linaonekana dogo, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Kama Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini, labda huo ndio mwanzo wa mto Nile unaonywesha inchi ya Misri. Tangu zamani za kale watu walikuwa wakiutafuta mwanzo huo.

Mwarabu mmoja, mfanya biashara, alizungumza na Speke juu ya mto huo. Speke akaelewa kwamba unatoka. Basi mwezi wa 4 yeye na Burton wakapanda mitumbwi, wakaenda mpaka Uvira. Huko wana wa chifu waliwaambia wazi: Ruzizi unaingia ziwani. Bombay naye akasema kwamba maneno ya yule Mwarabu yalisikiwa vibaya.

Mdomo wa mto ulikuwa karibu. Lakini wapiga kasia waliwaogopa watu wa huko, wakakataa kuendelea. Burton alikuwa mgonjwa. Basi wakarudi bila kuona kwa macho yao.

Matokeo yakawa ubishi. Huko Ulaya, wakuu wenye elimu walishindana kwa maneno na kwa vitabu kwa muda wa miaka 13. Hata Burton mwenyewe baadaye aliyaacha maneno aliyoambiwa Uvira, akafikiri kwamba labda mto unatoka. Watoto wa Uvira wangeweza kumjibu, lakini hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

4. Jibu la kwanza

Mwaka 1871 Daktari David Livingstone, mtu wa Scotland, alikuwa Ujiji, amechoka na amepungukiwa vitu. Mwezi wa 11 alifikiwa na Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York kumtafuta. Bombay alikuwa mkubwa wa askari katika msafara wa Stanley.

Siku chache baadaye Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi pamoja, wakafuata pwani kwenda kaskazini. Walifika penye mdomo wa Ruzizi, wakaingia ndani yake, wakautazama mkondo. Maji yalikuwa yanakuja ziwani. Ruzizi unaingia.

Watu wa Uvira walisema kweli tangu mwanzo. Leo twajua kwamba Ruzizi unatoka ziwa Kivu, lililo juu karibu mita 700 kuliko Tanganyika, na unaporomoka katikati ya milima mpaka uwanda wa Uvira.

5. Mto wa kutoka

Sasa swali la pili likazaliwa. Mito inaingia kila upande. Basi maji yanatokea wapi?

Watu wenye akili waliona jambo hili: ziwa lisilo na mto wa kutoka huzidi kuwa na chumvi. Jua hupandisha maji hewani, lakini chumvi haipandi. Inabaki na kuongezeka. Lakini maji ya Tanganyika yanafaa kunywewa. Basi lazima pawe na mlango mahali fulani.

Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji. Kiongozi wa msafara wake alikuwa nani? Alikuwa Bombay tena. Cameron alizunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua, akaandika kila mto aliouona. Alihesabu mito 96 inayoingia. Kisha, mwezi wa 5, katika pwani ya magharibi, mahali ulipo leo mji wa Kalemie, aliona mmoja unaotoka. Ndio Lukuga.

Watu wa chifu wa pale walimwambia kwamba wameufuata Lukuga kwa siku nyingi mpaka unapoungana na Lualaba. Cameron aliingia mtoni kwa mashua, lakini hakufika mbali. Mafunjo na majani yaliufunga mto, hata mashua haikupata njia.

Mwaka 1876 Stanley alirudi na mashua yake, akalizunguka ziwa lote. Alifika Lukuga, akapima mkondo, akaona kwamba hapana mto unaokimbia. Palikuwa na matope na mafunjo tu. Basi Cameron alisema: mto unatoka. Stanley alisema: hautoki. Je, ni nani aliyesema uongo?

Hakuna aliyesema uongo. Stanley alikuwa ameona neno lingine huko Ujiji. Mwaka 1871 michikichi mitatu ilisimama penye soko, katika inchi kavu. Mwaka 1876 miti ileile ilisimama ndani ya maji. Ziwa lilikuwa linapanda. Mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na maji yalikuwa yanajaa nyuma ya kizuizi, kama ndoo chini ya mvua. Stanley aliandika kwamba siku si nyingi maji yatavunja na kupita.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia Mwingereza aliyekaa Ujiji, alikwenda Lukuga. Aliona mto wenye nguvu, unatoka ziwani na kukimbia magharibi. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi.

Kwa hiyo njia ya maji ni hii: kutoka Kivu kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, kutoka Tanganyika kwa Lukuga mpaka Lualaba, kutoka Lualaba kwa mto mkubwa wa Congo mpaka bahari ya Atlantiki. Maji hayaendi Misri. Yanapita katika inchi yetu toka mashariki mpaka magharibi.

Lakini Lukuga ni mlango mdogo kwa nyumba kubwa. Maji mengi zaidi hutoka kwa njia isiyoonekana: jua huyapandisha hewani. Kama ziwa lingemwagwa kwa Lukuga peke yake, ingechukua maelfu ya miaka.

6. Namna walivyopima kilindi

Zamani mtu aliyetaka kujua kilindi alifunga jiwe au risasi penye kamba, akaishusha. Katika maji mafupi kazi hii ni rahisi. Katika Tanganyika ni taabu. Kamba ya mita 1,000 ni nzito. Upepo unasukuma mashua, kamba inalala upande, na mara nyingine inakatika. Hata hivyo watu walivumilia. Daktari Mbelgiji Louis Stappers alipima vilindi na kukusanya samaki kabla ya vita ya 1914.

Mwaka 1946 na 1947 wataalamu wa Ubelgiji walikuja na chombo kipya. Simama mbele ya mlima na kupiga kelele: sauti yako inagonga mlima na kukurudia. Chombo chao kilifanya vivyo hivyo. Kilituma sauti chini, nayo ikagonga sakafu ya ziwa na kurudi. Ndani ya maji sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Sauti ikirudi baada ya sekunde mbili, imekwenda mita 1,500 na kurudi mita 1,500. Basi kilindi ni mita 1,500. Kwa kazi hiyo André Capart alichora ramani ya sakafu ya ziwa. Ilionekana kwamba ziwa lina mabakuli makubwa mawili. La kaskazini lina kilindi cha mita 1,310 hivi, na la kusini lina kile cha mita 1,470.

7. Maji yaliyo hai ni ya juu tu

Mtu akisikia habari za kilindi hiki, atafikiri kwamba samaki wamejaa mpaka chini. Sivyo.

Samaki anahitaji hewa, kama sisi. Hewa inaingia majini kwa juu tu, penye upepo na mawimbi. Katika Tanganyika hewa hiyo inashuka karibu mita 100 upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni giza, hapana hewa, na maji yana harufu ya mayai yaliyooza. Samaki hawezi kuishi humo. Ziwa ni kama chungu kikubwa chenye maziwa: mafuta mazuri yako juu, nayo ni membamba.

Samaki wote wanakaa katika maji hayo ya juu. Humo kuna ndakala, wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa mchangani. Humo kuna mukeke, ambao wataalamu waliwapa jina la Stappers, na sangala mkubwa. Penye mawe ya pwani kuna samaki wadogo wenye rangi nzuri, zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Chakula cha samaki kinatokea wapi? Vitu vinavyokufa majini huzama, navyo huwa mbolea huko chini gizani. Mbolea hiyo ingebaki huko siku zote, lakini upepo unasaidia. Tangu mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9 upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Unasukuma maji ya moto ya juu kwenda kaskazini, na maji baridi ya chini yanapanda upande wa kusini pamoja na mbolea. Ndipo vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinazaliana, wadudu wadogo wa majini wanakula vijimea, ndakala wanakula wadudu, mukeke wanakula ndakala, nasi tunakula wote.

8. Hatari na ulinzi

Sasa wataalamu wanapima tena, wala si kilindi tu. Wanapima joto. Wameona kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto pamoja na dunia nzima. Maji ya moto ni mepesi. Yanakaa juu kama mafuta, na upepo hauwezi tena kuyachanganya vema na yale ya chini. Mbolea haipandi kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua.

Watu nao wanaongeza hatari. Miti ya milimani ikikatwa, mvua inaleta udongo ziwani na kufunika mawe ambapo samaki wadogo huzaliana. Nyavu zenye matundu madogo sana zinakamata samaki wachanga, wasiozaa bado. Uchafu wa miji unaingia majini. Nao hautoki upesi, maana tumekwisha kujua kwamba mlango wa ziwa ni mdogo.

Hata kupanda kwa maji hakukwisha mwaka 1878. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, maji yakaingia katika nyumba na njia za Uvira, Kalemie na Bujumbura. Michikichi ya Ujiji ilikuwa imetoa habari hii zamani: anayejenga karibu na maji akumbuke kwamba ziwa hupanda na kushuka.

Mwaka 2003 inchi zote nne zilitia sahihi mapatano ya kulilinda ziwa pamoja. Ni vema, kwa sababu samaki hajui mpaka. Ndakala aliyezaliwa katika maji ya Burundi anaweza kuvuliwa Congo.

SHIKA MOYONI
Ruzizi unaingia, Lukuga unatoka. Mambo haya mawili watu wa pwani waliyajua, na wageni waliyahakikisha kwa kwenda, kutazama na kupima. Ziwa ni kubwa na kilindi chake ni kikubwa, lakini maji yenye uhai ni ya juu tu. Anayeharibu hayo ya juu ameharibu chakula cha wote.

MAULIZO
1. Taja inchi nne zinazoshiriki ziwa Tanganyika. Ni zipi mbili zenye mafungu makubwa?
2. Eleza kwa vitabu vitatu namna ziwa lilivyozaliwa.
3. Kwa nini Burton na Speke hawakuuona mdomo wa Ruzizi?
4. Cameron alisema Lukuga unatoka, Stanley akasema hautoki. Kwa nini wote wawili walisema kweli?
5. Hesabu: chombo kimetuma sauti, nayo imerudi baada ya sekunde moja. Kilindi ni mita ngapi?
6. Kwa nini hapana samaki chini ya mita 200?
7. Chora njia ya maji kutoka ziwa Kivu mpaka bahari ya Atlantiki, na kuandika majina ya mito.
8. Uliza mvuvi au mzee: maji ya karibu na kwenu, ziwa au mto, yalifika wapi zamani? Andika jibu lake, kisha nenda ukatazame.